Upasuaji wa neva kiunoni: Jinsi unavyoupa mguu joto, na pale usipoweza kuuokoa

Na MWANDISHI WETU

MNAMO Machi 12, 1949, chumba kimoja katika Kasri la Buckingham jijini London kiligeuzwa kuwa chumba cha upasuaji. Aliyelazwa mezani alikuwa Mfalme George wa Sita wa Uingereza, aliyekuwa na umri wa miaka 53. Aliyeshika kisu alikuwa Profesa James Learmonth, bingwa wa upasuaji kutoka Edinburgh, Scotland.

Kwa miezi mingi mfalme huyo, aliyekuwa mvutaji sugu wa sigara, alikuwa ameteswa na maumivu ya miguu. Damu haikuwa ikifika nyayoni ipasavyo, na madaktari walihofia kwamba mguu wake wa kulia ungeoza na kulazimu ukatwe. Ziara yake ya Australia na New Zealand, iliyokuwa imepangiwa 1949, ilikuwa imefutwa Novemba 1948 kwa sababu iyo hiyo.

Linaloshangaza ni kwamba Profesa Learmonth hakuugusa mguu wenyewe. Alipenya ndani ya kiuno hadi kando ya uti wa mgongo, akaondoa kipande cha neva nyembamba, kisha akashona jeraha. Mguu wa mfalme haukukatwa, na daktari huyo akatunukiwa cheo cha 'Sir' mwaka uo huo.

Msomaji wa Kenya ana sababu yake ya kukikumbuka kisa hiki. Safari ya Australia na New Zealand ilikuja kuanzwa miaka mitatu baadaye na binti wa mfalme, Elizabeth, kwa niaba ya babaye, na kituo cha kwanza kilikuwa Kenya. Usiku wa kuamkia Februari 6, 1952, Elizabeth akiwa Treetops katika msitu wa Aberdare, Nyeri, baba yake alifariki usingizini huko Uingereza.

Kilichomuua hakikuwa mguu. Mshipa wa moyo ulikuwa umeziba, miezi isiyozidi mitano baada ya pafu lake la kushoto kuondolewa kwa sababu ya saratani. Yaani mguu ulisalimika, lakini maradhi yaliyouvamia mguu yalibaki mwilini na kumaliza kazi yake kwingineko.

Upasuaji aliofanyiwa mfalme ungali unafanywa hadi leo, kwa kisu na hata kwa sindano. Wagonjwa wa miguu isiyopata damu, wenye vidonda visivyopona na wanaotokwa na jasho jingi nyayoni huenda wakaelekezwa kwao. Baadhi yao huukubali wakiamini kwamba mishipa yao ya damu inakwenda kuzibuliwa. Imani hiyo si sahihi, na anayeishikilia anaweza kupoteza wakati ambao mguu wake hauna.

Neva zisizongoja amri

Mwili una neva za aina mbalimbali. Kuna zinazopeleka amri tunazozijua, kama vile amri ya kuinua mkono, na kuna zinazorudisha habari za maumivu, joto na mguso. Kisha kuna nyingine ambazo hufanya kazi bila kutuuliza. Miongoni mwa hizo ni zile ambazo wataalamu huziita neva za simpathetiki.

Jina hilo halina uhusiano na huruma ya daktari kwa mgonjwa. Lilizaliwa kutokana na dhana ya kale kwamba viungo vya mwili huhurumiana, kimoja kikiumia kingine nacho huhisi. Dhana yenyewe ilikwisha kuachwa, jina likabaki.

Neva hizi ndizo huamka mtu anapokutana ghafla na hatari. Moyo hudunda mbio, nywele husimama, viganja na nyayo hupoa na kulowa jasho. Nyayo hupoa kwa kuwa neva hizo huiamuru mishipa midogo ya damu iliyo kwenye ngozi ijikaze na kubana, ili damu iende panapohitajika zaidi. Hata mtu anapokuwa ametulia, amri hiyo ya kubana huendelea kutolewa kwa kiasi fulani usiku na mchana.

Neva za simpathetiki zinazotawala miguu hupitia katika ugwe mmoja kila upande wa uti wa mgongo. Ugwe huo una mafundo madogo madogo, mfano wa kamba ya shanga. Sehemu ya kiunoni kwa kawaida huwa na mafundo yapatayo manne, ingawa idadi hutofautiana kati ya mtu na mtu. Daktari anapoliondoa fundo la pili na la tatu, amri ya kubana haifiki tena mguuni. Mishipa midogo ya ngozi hulegea, damu ya joto hujaa, na unyayo huwa mkavu kwa kuwa tezi za jasho nazo hazipati tena amri.

Hiyo ndiyo simpathektomia ya kiunoni. Mgonjwa haondolewi mafuta yaliyoganda katika ateri wala hazibuliwi mshipa wowote.

Kosa lililozaa matunda

Asili ya upasuaji huu inafaa kusimuliwa kwa sababu ulizaliwa na kosa. Mwaka wa 1923 jijini Sydney, Australia, daktari wa mifupa Norman Royle na mtaalamu wa umbile la mwili John Hunter walikuwa wakitafuta njia ya kuwasaidia watu waliopooza na ambao misuli ya miguu yao ilikuwa imekakamaa. Waliamini kwamba ukakamavu huo uliletwa na neva za simpathetiki. Royle akazikata.

Nadharia yao haikuwa ya kweli, na ilikuja kukataliwa. Lakini Royle aligundua jambo jingine: mguu uliokatwa neva ulikuwa na joto zaidi na mkavu kuliko mwenzake. Hunter hakuishi kuona yaliyofuata. Alifariki London Desemba 1924 akiwa na umri wa miaka 26 tu.

Habari zilienea upesi. Mwaka wa 1924 huko Buenos Aires, Argentina, daktari Julio Diez aliwafanyia upasuaji huo wagonjwa ambao mishipa ya miguu ilikuwa imeziba. Mwaka uliofuata Alfred Adson wa hospitali ya Mayo nchini Marekani aliutumia kwa wagonjwa ambao vidole vyao hubadilika rangi na kuwa baridi kama barafu. Nchini Ufaransa, René Leriche alikuwa tayari amekwisha kuhubiri kwa miaka kadhaa kwamba neva hizi ndizo ufunguo wa maradhi mengi ya mishipa.

Ilifika hatua ambapo neva za simpathetiki zilikatwa hata kwa watu wenye shinikizo la juu la damu, kwa kuwa hapakuwa na dawa za kulidhibiti. Dawa zilipopatikana, upasuaji huo wa shinikizo ulitoweka. Ule wa miguu ulibaki, japo ulizidi kupungua.

Mfereji mkuu na vijilango

Ili kuelewa ni kwa nini upasuaji huu husaidia huku na kushindwa kule, na tuazime mfano kutoka mashamba ya mpunga ya Mwea. Maji hutoka mtoni kwa mfereji mkuu, yakaingia katika mifereji midogo, kisha yakapita katika vijilango na kumwagika kwenye majaruba. Ikiwa majaruba yamekauka kwa sababu vijilango vimefungwa, vifungue na maji yatajaa. Lakini ikiwa mfereji mkuu umezibwa na tope huko juu, unaweza kufungua vijilango vyote na bado usipate ila matone.

Ateri kubwa ya paja ndiyo mfereji mkuu. Mishipa midogo ya ngozi ndiyo vijilango. Simpathektomia hufungua vijilango, tena vya ngozi tu.

Kwa nini vya ngozi tu? Kwa sababu misuli ina njia yake ya kujitafutia damu. Mtu anapotembea, misuli ya shavu la mguu huzalisha kemikali ambazo huilegeza mishipa yake yenyewe kabisa, bila kujali neva zinasema nini. Vijilango vya misuli vimekwisha kufunguka vyote. Kukata neva hakuna cha kuongeza hapo.

Ndiyo maana mgonjwa anayelalamika kwamba shavu la mguu humbana akitembea hatua mia mbili, akisimama maumivu yakaisha, akianza tena yakarudi, hafaidiki na upasuaji huu. Maumivu hayo ni kilio cha misuli. Jambo hili limejulikana na madaktari wa mishipa kwa miongo mingi, na bado ndilo wagonjwa hukosea zaidi.

Pana hatari nyingine isiyotajwa sana. Ukifungua vijilango vya jaruba lililo karibu na mfereji, ambalo halikuwa na shida ya maji, yale machache yaliyokuwa yakifika jaruba la mwisho yanaweza kuishia njiani. Vivyo hivyo, kwa baadhi ya wagonjwa wenye mishipa iliyoziba sana, ngozi ya juu hupata damu zaidi huku vidole vya mguu vikizidi kunyimwa.

Mzee mmoja wa ukoo wetu alivuta sigara tangu ujanani. Alipoanza kuumwa na mguu aliambiwa ni baridi yabisi, akachuliwa kwa mafuta ya kila namna kwa karibu miaka miwili. Kufikia wakati huo alikuwa halali tena kama watu wengine. Usiku aliketi kitandani na kuning'iniza mguu chini, kwa kuwa ndipo maumivu yalipotulia kidogo.

Sikujua wakati huo, wala nyumbani hakuna aliyejua, kwamba kuning'iniza mguu ni dalili ambayo daktari yeyote wa mishipa huitambua mara moja. Mgonjwa anapolala, damu hukosa nguvu ya kufika nyayoni. Akiuteremsha mguu, uzani wa damu yenyewe huisaidia kushuka.

Kidole kilipoanza kuwa cheusi alipelekwa hospitali moja ambako jamaa walielezwa kuhusu 'upasuaji wa kiunoni wa kuleta damu mguuni'. Harambee ikafanywa, mzee akapasuliwa. Mguu ulipata joto kweli. Tulikuwa tukiushika kwa zamu na kufurahi. Maumivu ya usiku yalipungua kwa majuma kadhaa.

Lakini hakuweza kutembea umbali wowote zaidi ya awali, na sigara hakuacha, kwa kuwa alihesabu kwamba amekwisha kutibiwa. Joto nalo lilififia. Kabla ya mwaka kwisha mguu ulikatwa chini ya goti. Hakuna aliyemdanganya mzee huyo. Ila hakuna pia aliyemweleza tofauti ya mfereji na kijilango. Tangu siku hizo, ninapohariri habari za afya, sikawii kulifuta neno 'tiba' katika kichwa cha habari pale ambapo 'nafuu' ndilo neno la haki.

Kufifia huko kwa joto si ajabu. Ongezeko la damu kwenye ngozi huwa kubwa zaidi siku za mwanzo, kisha hupungua kadiri majuma na miezi inavyopita, kwa kuwa mishipa hujifunza upya kubana bila kuamriwa na neva zilizoondolewa. Ikiwa kidonda ni kidogo na kinaweza kupona ndani ya muda huo, mgonjwa amefaidika. Ikiwa ni kikubwa, muda humwishia.

Mguu wa mwenye kisukari

Kundi kubwa la watu wenye vidonda vya miguu nchini ni wagonjwa wa kisukari. Kwao, simpathektomia kwa kawaida haina la kufanya, na sababu yake ni ya kusikitisha. Sukari iliyokaa juu kwa miaka mingi huwa imekwisha kuziharibu neva za simpathetiki. Kisukari kimekwisha kufanya upasuaji huo, polepole, bila kisu wala karo ya hospitali.

Mtu wa namna hii huwa na mguu mkavu, wenye nyufa kisiginoni, na mara nyingi una joto. Joto hilo humlaghai akadhani mguu u salama. Kumbe hahisi msumari uliopenya kwenye kiatu, wala maji ya moto yaliyomchoma. Anachohitaji ni kukaguliwa nyayo kila siku, viatu visivyobana, kudhibitiwa kwa sukari, kidonda kusafishwa mapema na kupimwa kama ateri zake kubwa zimeziba. Akiambiwa akatwe neva, ana haki ya kuuliza ni neva zipi zilizobaki za kukatwa.

Kisu, kamera na sindano

Upasuaji wenyewe huweza kufanywa kwa njia tatu. Ile ya kale ni ya kupasua ubavu wa tumbo, mgonjwa akiwa amepewa nusukaputi, na kuusogeza mfuko wa tumbo mbele bila kuupasua hadi uti wa mgongo uonekane. Ugwe wa neva hukaa pahali pa hatari: upande wa kushoto uko kando ya ateri kuu ya mwili, na upande wa kulia hufunikwa na mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni. Mrija unaoteremsha mkojo kutoka kwenye figo nao u jirani. Daktari asiye na uzoefu huweza kukata neva nyingine au tezi ya limfu akidhani ndiyo fundo alilolitafuta.

Njia ya pili hutumia kamera ndogo na vyombo vyembamba vinavyoingizwa kupitia matundu machache. Kidonda ni kidogo na mgonjwa huenda nyumbani mapema.

Ya tatu ni sindano. Felix Mandl wa Vienna, Austria, aliielezea tangu miaka ya 1920. Mgonjwa hulala kifudifudi au ubavu, na daktari, akiongozwa na mashine ya eksirei, hupenyeza sindano ndefu mgongoni hadi kando ya pingili za uti wa mgongo. Kwanza huingiza rangi inayoonekana kwenye eksirei ili kuhakikisha ncha ya sindano ipo mahali pake, kisha fenoli, dawa ambayo huua neva. Hufaa hasa kwa wazee ambao moyo au mapafu yao hayawezi kustahimili nusukaputi. Mara nyingine hutangulizwa sindano ya ganzi pekee, ili kuona kama mguu utapata joto kabla ya kufanya jambo la kudumu.

Madhara yapo. Linalowapata wengi ni maumivu ya paja, hasa upande wa mbele, yanayoanza wiki moja au mbili baadaye. Huwatia watu hofu kwa kuwa huja wakati ambapo walidhani wamepona, lakini kwa kawaida huisha yenyewe baada ya wiki au miezi. Fenoli inayovuja huweza kuunguza neva za jirani. Mara chache sana, sindano huweza kuleta kupooza.

Kwa wanaume kuna jambo ambalo daktari anapaswa kulisema waziwazi, na ambalo aibu hulizuia pande zote mbili. Iwapo fundo la kwanza la kiunoni litaondolewa pande zote mbili, shahawa huweza kurudi nyuma na kuingia kibofuni badala ya kutoka nje. Mwanamume hapotezi nguvu kwa hilo, ila huenda asipate mtoto. Ndiyo sababu madaktari huliacha fundo hilo, angalau upande mmoja.

Waliozibua mfereji

Wakati Mfalme George alipokuwa mezani, njia nyingine ilikuwa imekwisha kufunguliwa ng'ambo ya bahari. Mwaka wa 1948 nchini Ufaransa, Jean Kunlin, aliyefanya kazi na Leriche, alichukua mshipa wa mgonjwa mwenyewe na kuushonea juu na chini ya pahali palipoziba kwenye ateri ya paja. Damu ikapata njia ya kuzunguka kizuizi, mfano wa barabara ya mchepuko.

Kisha, Januari 1964 huko Portland, Marekani, Charles Dotter alipelekewa mwanamke wa miaka 82 ambaye vidole vya mguu vilikuwa vimeingia donda ndugu na ambaye alikataa katakata kukatwa mguu. Dotter alipenyeza mirija myembamba ndani ya ateri ya paja na kuipanua palipobana. Mguu ulipata joto papo hapo, vidonda vikapona, na bibi huyo aliishi zaidi ya miaka miwili akitembea kwa miguu yake. Miaka kumi baadaye Andreas Grüntzig, akiwa Zurich, Uswisi, alileta puto dogo linalojazwa ndani ya mshipa, ambalo hutumika hadi sasa.

Njia hizi mbili huzibua mfereji mkuu. Kwa hiyo leo, mtu ambaye mguu wake umo hatarini hupaswa kwanza kupigwa picha za mishipa ili ijulikane kama anaweza kuwekewa puto au kushonewa mchepuko. Simpathektomia hubaki kwa yule ambaye hayo yote hayawezekani: mishipa ya chini imeharibika mno, au hakuna mshipa wa kushonea, na maumivu ya usiku yanamtesa.

Wachache wanaofaidika

Maradhi ambayo upasuaji huu umeshikamana nayo kwa muda mrefu zaidi ni yale yaliyoelezwa na daktari Leo Buerger jijini New York mwaka wa 1908. Huwashika hasa vijana wa kiume wanaovuta sigara, wengi kabla ya miaka 45. Mishipa midogo ya vidole vya miguu na mikono huvimba na kuziba, vidole vikawa vyeusi kimoja baada ya kingine. Kwa kuwa mishipa inayoziba ni ile ya mwisho kabisa, mara nyingi hakuna pa kushonea mchepuko. Hapo ndipo neva hukatwa ili ngozi ipate damu na kidonda kipone.

Hata huko mshindani amejitokeza. Utafiti uliofanywa Uturuki na kuchapishwa 2006 uliwalinganisha wagonjwa wa Buerger waliokatwa neva na wale waliopewa ilopurosti, dawa ya kupanua mishipa. Waliopata dawa walipona vidonda na kuondokewa na maumivu kwa wingi zaidi. Ni dawa ya kutiliwa mshipani kwa siku nyingi mfululizo, na si kila hospitali inayo.

Lakini wala kisu wala dawa haviusimamishi ugonjwa wa Buerger. Unaosimamishwa ni mkono unaopeleka sigara mdomoni. Anayeacha kabisa aghalabu hunusurika kukatwa. Anayevuta hata moja au mbili kwa siku huendelea kupoteza vidole. Ugoro na tumbaku ya kutafuna vimo katika hesabu iyo hiyo. Sheria ya kudhibiti tumbaku iliyopitishwa nchini 2007 iliwaondoa wavutaji katika mengi ya maeneo ya umma, lakini haiwezi kumfuata mtu chumbani kwake.

Wengine wanaoweza kufaidika ni wale wanaotokwa na jasho nyayoni kiasi cha kuteleza ndani ya viatu. Kwao nyayo hukauka karibu kila mara, ingawa jasho huweza kuhamia mgongoni au tumboni. Kwa kuwa jasho haliui, ni busara kujaribu kwanza dawa za kupaka na sindano za kuzuia jasho. Pia kuna maumivu makali ya kuunguza yanayobaki baada ya jeraha la neva, ambayo Silas Weir Mitchell aliyaeleza kwa askari waliojeruhiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Baadhi ya watu hao hupata nafuu. Ushahidi wa kitaalamu, hata hivyo, ni haba.

Kipimo cha dakika chache

Kabla ya yote hayo kuna kipimo rahisi ambacho hakihitaji mashine ya mamilioni. Daktari hupima shinikizo la damu kwenye mkono, kisha kwenye kifundo cha mguu kwa kutumia kifaa kidogo cha kusikiliza mkondo wa damu. Hugawanya la mguuni kwa la mkononi. Kwa mtu mzima wa afya jibu huwa karibu na 1 au zaidi kidogo. Likiwa chini ya 0.9, ateri zimebana. Likishuka chini ya 0.3, mfereji mkuu umeziba kiasi kwamba kukata neva hakutarajiwi kuleta matunda. Kwa wenye kisukari kipimo hiki huweza kudanganya, kwa kuwa ateri zao huwa ngumu na kutoa jibu la juu kuliko hali halisi.

Anayeumwa anapotembea tu, bila kidonda wala maumivu ya usiku, kwa kawaida hahitaji kisu cha aina yoyote kwanza. Huambiwa aache sigara, atumie aspirini na dawa za kupunguza mafuta kama daktari atakavyoelekeza, na atembee. Atembee hadi maumivu yamzidi, apumzike, aanze tena, kwa nusu saa au zaidi, angalau mara tatu kwa wiki, kwa muda usiopungua miezi mitatu. Wengi huongeza umbali wao kwa njia hiyo, na walio wengi hawafikii kamwe hatua ya kukatwa mguu.

Anayeelekezwa kwenye simpathektomia anaweza kumuuliza daktari wake maswali machache. Je, ateri zangu zimepigwa picha? Puto au mchepuko haviwezekani kwa sababu gani? Kipimo cha kifundo cha mguu kimesoma ngapi? Neva zangu zingali hai, au kisukari kimekwisha kuziua? Na kama ni joto la miezi michache, je, kidonda changu ni cha kupona ndani ya miezi hiyo?

Maswali hayo ni ya ugonjwa unaokuja polepole. Mguu ambao ghafla umekuwa baridi, umepauka, unauma vikali na kuanza kufa ganzi ni jambo tofauti kabisa: bonge la damu limeziba ateri. Usichuliwe wala usikandwe kwa maji ya moto. Mgonjwa apelekwe kwenye hospitali yenye daktari mpasuaji saa iyo hiyo, kwa kuwa baada ya takriban saa sita misuli huanza kufa.